Suruali Uliipandisha Hadi Wapi?

Walukuba, Jinja
6 Machi 1995

Kaka yangu Gidudu,

Pokea salamu zangu, wewe na Ketty na wote mnaokula chungu kimoja hapo Mbale. Sisi huku tunapumua. Brendah ametimiza miezi saba. Meno mawili ya chini yametoka, na ninayeumwa nayo ni mimi, maana ananyonya kama mtu anayelipiza kisasi. Baba yake bado yuko kwenye karakana ya mbao kule Nalufenya. Mimi bado ni mhudumu wa wodi ya mifupa: nafagia, nabeba beseni, nageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza. Nakuandikia mtoto akiwa mgongoni. Ukiona herufi imeruka mstari, ujue amenivuta nywele.

Sasa sikiliza. Sulaiman, huyu muuza vipuri vya baiskeli anayetubebea barua, ameniambia alikuona ukishuka kwenye baiskeli yako sokoni. Anasema uliinamisha baiskeli mpaka ikakaribia kulala chini, ndipo ukavuta mguu wa kulia kwa mikono miwili kama mtu anayetoa gunia. "Kaka yako amezeeka kunizidi," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Una miaka thelathini na moja.

Ni nini hicho? Kimeanza lini? Usiniandikie kwamba ni uchovu. Uchovu naujua, naishi nao.

Dada yako,
Jovia


Mbale
13 Machi 1995

Mama Brendah,

Salamu nyingi. Hapa upande wa viwandani ni vumbi tu, lakini mvua imeanza kunukia. Ketty anakusalimu sana, amepanda maharagwe nyuma ya nyumba. Malewa yapo sokoni, machipukizi laini ya mianzi, nitakutumia kidogo na Sulaiman asipoyala njiani.

Sulaiman ana mdomo mrefu kuliko barabara. Ni kweli mguu umechoka kidogo. Tangu katikati ya Februari niko kwenye kozi ya ukoplo hapa magereza. Miaka sita nimekaa getini nikifungua na kufunga, sasa ghafla Afande Odongo anatukimbiza kilomita kumi na mbili kila asubuhi, begi la mchanga mgongoni, mpaka chini ya mlima Wanale na kurudi. Mtihani wa mwisho ni mbio hizohizo, tarehe 8 Aprili. Nikipita nitavaa tepe mbili, na nyumba ya vyumba viwili inakuja nazo.

Ili usinisumbue, nilikwenda zahanati ya kambi. Nesi wetu wa sasa ni mama mkwe, mama yake Ketty, alihamishiwa hapa Januari. Amenihudumia kwa heshima sana. Akaniandikia karatasi ya picha, nikapigwa picha ya goti mjini, na mifupa iko sawa kabisa. Picha nakutumia uitundike ukutani.

Halafu niambie, tangu lini mbeba beseni akawa daktari? Na unajua unazungumza na nani. Mimi nilisimama mbele ya kisu cha jando, ukoo mzima unatazama, jicho halikupepesa. Nitalia kwa ajili ya begi la mchanga?

Ni mimi,
Gidudu


Walukuba, Jinja
18 Machi 1995

Kaka Gidudu,

Malewa yamefika, asante, tumeyapika na karanga. Brendah amekohoa siku tatu lakini leo ameamka anacheka. Baba yake anakusalimu.

Picha yako nimeipeleka kwa Mzee Omollo. Huyu ndiye afisa wetu wa mifupa, Mjaluo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Aliinyanyua picha dirishani.

"Goti la nani hili?"

"La kaka yangu, mzee."

"Mwambie ana goti zuri. Angeweza kuliuza. Sasa anaumwa wapi?"

Nikamweleza: mtu wa kukaa getini, ghafla anakimbizwa na mzigo, sasa anapanda na kushuka baiskeli kwa kusaidia mguu na mikono. Akaacha mzaha. Akasema, "Binti, mfupa wa paja una ncha mbili. Ya chini mmeipiga picha. Ya juu nani ameiangalia?"

Nikamwambia lakini anaumwa goti. Akanijibu kwamba nyonga ikiumia, mara nyingi goti ndilo hupiga kelele. Ni kama mtoto kuchapwa nyuma ya nyumba, wewe kilio unakisikia mlangoni. Akachukua waya wa kufungia lebo za wagonjwa, akaukunja na kuukunjua mbele yangu. Ukikunjwa mara moja haukatiki. Ukikunjwa kila asubuhi, siku moja unabaki na vipande viwili mkononi. Pale juu, mfupa wa paja unapoingia kwenye nyonga, kuna shingo. Anasema huenda shingo hiyo ina ufa. Amesema huenda.

Kaka, nina mtu kitanda cha nne. Mwalimu wa michezo, miaka thelathini na mitatu. Alianza kama wewe. Wakamwambia ni msuli, akapakwa dawa ya kuchua, akaendelea kukimbia na wanafunzi wake. Siku moja akasikia mlio kama muhogo mkavu unavunjwa, akaanguka. Sasa mguu mmoja ni mfupi na unyayo unatazama pembeni. Omollo anasema shingo ikikatika na kuteleza, damu haifiki tena kichwani mwa mfupa, na kichwa kinaweza kufa ndani yako ukiwa hai. Namgeuza mtu huyu mara nne kwa siku. Kila nikimgeuza ananiuliza, "Sista, nitatembea?" Mimi si sista. Namwambia nitamwita sista.

Sasa barua yako. Nimesoma mara tatu pale uliposema nesi ni mama mkwe. Mimi na wewe ni Wagisu, najua mkwe ni nani. Huwezi kukaa naye mkeka mmoja, huwezi kumpa mkono, ukikutana naye njiani unaingia kichakani. Na wewe ulimwonyesha maumivu yako? Nijibu swali moja: suruali uliipandisha hadi wapi?

Omollo anataka mfanye hivi. Ulale chali, miguu imenyooka, misuli imelegea. Ketty ashike mguu kwenye kifundo na juu ya goti, auviringishe wote kwa ndani kama gogo, taratibu, mpaka vidole vitazame mguu wa pili. Kama unauma kwenye kinena, pale paja linapokutana na mwili, usikimbie tena hata hatua moja. Na usijaribu kuruka kwa mguu mmoja ili ujipime. Amekataza kabisa.

Dada yako anayekuogopea,
Jovia


Mbale
25 Machi 1995

Mama Brendah,

Salamu. Mvua imeshuka, maharagwe ya Ketty yameota. Pole na kikohozi cha mtoto, mpe asali na ndimu. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha. Mchungaji wetu amehamishwa Tororo.

Kile kipimo tumefanya. Hakuna kitu.

Zimebaki wiki mbili. Tafadhali nipe nafasi nifanye kazi yangu.

Gidudu

(Nyuma ya karatasi, kwa kalamu ya risasi:)

Wifi yangu, amenipa barua niifunge na mimi sitafunga uongo. Nilipouviringisha mguu ndani aliuma blanketi. Nikamwuliza, akasema nimemfinya. Sikumfinya. Tafadhali fanya kitu, mimi hanisikii. Ketty.


Walukuba, Jinja
30 Machi 1995

Kaka,

Salamu kwa wote. Brendah hajambo. Mengine nitayaandika siku nyingine.

Barua yako ilijaa mbuzi na mchungaji, na mguu wako ukapata maneno matano. Suruali hukunijibu. Usimgombeze Ketty, aliyoyaandika nilikuwa nimeshayajua kabla sijageuza karatasi.

Kwa hiyo leo Sulaiman ana bahasha mbili. Moja ni hii. Ya pili ni ya Afande Odongo.

Nilikaa nayo siku mbili nikiiandika na kuichana. Unajua nilivyo na hao watu wa sare. Baba alitulea kambini kwa Kiswahili, lugha ya askari, na tulipokwenda kununua chumvi mjini watu walifunga midomo wakitusikia, wakidhani tumetumwa. Mpaka leo nikisikia buti nyuma yangu nasogea ukutani. Lakini nilimwandikia kwa Kiswahili kilekile cha baba, cha paredi: "Afande, naomba ruhusa kusema." Nikamwambia askari wako ana mfupa uliovunjika kwenye nyonga na anauficha. Nikamwomba akutoe kwenye mbio na akupeleke upigwe picha ya nyonga. Nimeandika nyonga, na nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Najua nimekufanya nini. Najua ni tepe, ni nyumba. Ungekuwa hapa ungenipiga kofi na mimi ningesimama nipigwe. Lakini kila nikimgeuza yule wa kitanda cha nne naona mgongo wako. Mnafanana mabega. Juzi nilimwita kwa jina lako, akaniangalia.

Jovia


Mbale
14 Aprili 1995

Jovia,

Salamu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mbio, Afande Odongo alinitoa mbele ya kozi nzima, barua yako mkononi. "Gidudu! Dada yako anasema umevunjika. Hapa umesimama mzima, au nusu yako iko Jinja?"

"Nipo mzima, afande!"

"Basi kimbia mpaka kwenye bendera na urudi."

Nikachukua hatua tatu. Akapiga filimbi. Sijui aliona nini, lakini hakucheka tena, akaniandikia karatasi ya hospitali. Wenzangu ndio walicheka. Sasa jina langu ni Yai. "Msimguse Yai." "Yai, umelala salama kwenye trei?" Omukama Mungu akusaidie siku utakapokuja kunitembelea na kusikia wanavyoniita mbele ya mke wangu.

Tarehe 8 wenzangu walikimbia, mimi nimekaa kwenye benchi la hospitali. Wamepita kumi na wanne.

Na picha ya nyonga nimepigwa. Nisome vizuri. Haina kitu. Daktari ameiangalia mbele na nyuma, akasema nyonga safi. Ulisema waya, waya haupo. Ulisema ufa, ufa haupo. Umeninyang'anya tepe kwa sababu ya mtu wa kitanda cha nne ambaye mimi simjui.

Afande amesema kuna mbio za pili tarehe 13 Mei kwa walioanguka mtihani. Nikikosa hizo, nitarudi getini mpaka nistaafu. Jumatatu ya tarehe 24 naanza mazoezi.

Usimwandikie mtu yeyote tena.

G.


Walukuba, Jinja
19 Aprili 1995

Kaka yangu,

Nakusalimu hata kama hutaki. Barua yako niliisomea kwenye choo cha wodi, mahali pekee mtu haniiti.

Nilikimbia kwa Omollo na Brendah mgongoni. Nikamwambia, mzee, picha ni safi, nimemharibia ndugu yangu. Alivua miwani akaifuta kwa shati, ule uzi ukakatika, akaufunga tena, mimi nimesimama tu nangoja kama mshtakiwa.

"Picha ya kwanza hudanganya," akasema. "Ufa mwembamba hauonekani. Unaonekana pale mfupa unapoanza kujitibu, ndipo alama nyeupe inatoka. Arudie baada ya wiki tatu au nne. Katikati hapo asiukanyage mguu."

"Na kama ufa haupo kabisa?"

"Basi haupo. Atakuwa amekaa bure."

Sasa niseme nililoficha. Omollo tangu mwanzo alisema huenda. Mimi kwa afande niliandika umevunjika. Niliiacha ile huenda makusudi, kwa sababu nilijua mbele ya filimbi huenda haina nguvu. Kwa hiyo kama wewe ni mzima, hakuna daktari wa kulaumiwa. Ni mimi, mbeba beseni, nimechukua mkate wako kwa neno ambalo sikuwa na haki nalo. Tangu hapo kila mlango ukigongwa naruka. Naogopa kwamba nimekosea. Halafu naogopa zaidi kwamba sijakosea. Hata maziwa yamepungua, na Brendah ananipiga kifua kwa hasira.

Hata hivyo sitarudi nyuma. Usianze Jumatatu. Baba Brendah ametengeneza magongo mawili ya mvule. Kipimo chako cha kutoka kwapani hadi chini hatuna, basi tulimsimamisha Sulaiman ukutani, mnalingana, tukampima yeye. Amelalamika kwamba tunampimia jeneza. Pale juu nimezungushia kitambaa cha kanga yangu ili usichubuke. Uzito uwe mikononi, usiegemee kwapa. Mguu wa kulia uguse chini kama unagusa yai, na wakikucheka waache, yai si jina baya. Wiki tatu. Kisha picha ya pili, nyonga.

Sina picha ya kukuonyesha, kaka. Nina neno langu tu, na ninajua limekwisha kukuudhi. Nakuomba ulale juu yake wiki tatu.

Jovia


Mbale
10 Mei 1995

Jovia,

Magongo yalifika. Yanatosha.

Nilikaa. Usiniulize sana. Jumatatu ile nilivaa kaptula ya mazoezi nikatoka mpaka kwenye ua, Ketty akasimama mlangoni, nikarudi ndani.

Suruali niliipandisha hadi juu ya goti. Mama mkwe alikuwa ameinamisha uso, na mimi nimetazama ukuta, tunaongea kama watu wawili wanaozungumza na kabati. Ningemwambiaje kinena, yeye? Kinena nilikuwa nacho tangu wiki ya pili. Nilisema mguu. Mguu unatoka kiunoni mpaka kwenye kucha, na neno lenyewe halina aibu. Aliuliza goti? Nikasema ndiyo, mama, goti.

Jana nimepigwa picha ya pili. Anayesoma picha amekwenda kwenye semina Kampala mpaka wiki ijayo. Nimeomba bahasha nikaichukua, haijafunguliwa, namkabidhi Sulaiman sasa hivi. Mwonyeshe mzee wako.

Mbio ni Jumamosi. Sulaiman anarudi huku Jumanne, kwa hiyo jibu lako litanikuta baada ya mbio. Afande ameuliza jina langu aliandike au asiliandike. Nimemwambia aliandike.

Maumivu yamepungua sana. Hilo ndilo linalonisumbua. Siumwi.

Gidudu


Walukuba, Jinja
14 Mei 1995

Kaka Gidudu,

Leo ni Jumapili. Mbio zilikuwa jana. Naandika kwa mtu nisiyejua amesimama au amelala.

Sulaiman aliniletea bahasha Alhamisi. Omollo aliinyanyua dirishani. Kisha akaniita nisogee, akaniwekea ukucha wake pale. Upande wa chini wa shingo ya mfupa, mstari mweupe, mfupi kuliko punje ya mchele. Upo, kaka. Ulikuwepo siku zote.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia hata baba Brendah. Nilifurahi. Nilipiga kofi moja na kusema "Asante Yesu," kwamba ndugu yangu amevunjika. Omollo aliniangalia. Ilichukua muda wa mtu kupumua mara mbili hivi, ndipo nikakumbuka umesema afande aliandike jina lako, na nikakaa chini sakafuni na mtoto mgongoni.

Nilijaribu simu ya ofisi ya hospitali Alhamisi na Ijumaa. Kwenu haikuita. Karani akaniambia, "Mama, simu za Mbale zimelala tangu ile dhoruba." Niliuliza kila mtu anayekwenda huko, hakuna aliyekuwa anaondoka kabla ya Jumamosi isipokuwa mwanamke mmoja muuza nyanya ambaye hakuyajua magereza. Nilimpa karatasi hata hivyo. Sijui kama imefika.

Kama ulikimbia na umeanguka, mwambie Ketty wasikuvute mguu, wasikuchue, mganga wa mifupa asikuguse. Wakufunge miguu yote miwili pamoja, wakubebe ubaoni mpaka hospitali siku hiyohiyo. Saa zinahesabika.

Kama hukukimbia, sikia. Ufa uko upande wa chini, na Omollo anasema huo ndio upande mzuri, mzigo unaubana badala ya kuupanua. Hutahitaji kupasuliwa wala misumari. Magongo kwa wiki nane kuanzia sasa. Kutoumwa si kupona. Mfupa umenyamaza kwa sababu umeupumzisha. Kisha picha, kisha kutembea, na kukimbia mwaka huu usahau.

Lolote lililotokea, niandikie. Hata tusi. Nitalipokea kwa mikono miwili.

Jovia


Mbale
16 Mei 1995

Dada yangu Jovia,

Nakusalimu, wewe na Brendah na fundi wangu wa magongo. Ketty anasema nikuambie kwanza hili kabla ya mengine: sikukimbia.

Karatasi ya mama wa nyanya haikufika, na barua yako imefika leo. Kwa hiyo usidhani nilijua. Jumamosi nilivaa sare ya mbio, nikafunga viatu vyote viwili, nikaacha magongo kitandani. Nilikuwa nimeshaamua. Kutoka nyumbani mpaka kwenye mstari ni kama hatua mia mbili. Nilipofika mlangoni niliinua mguu wa kushoto kuvuka kizingiti, uzito wote ukabaki kwenye wa kulia, na haukuuma. Nikasimama hivyohivyo, mguu mmoja hewani, nikisikiliza. Filimbi ya kwanza ikalia kule uwanjani, na mimi nasikiliza ndani ya nyonga yangu.

Niliogopa, dada. Siku ya kisu sikuogopa, au niliogopa na nimesahau. Hii sitaisahau. Nilimwita Ketty kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Alikuja akanishika kiunoni, akanikalisha palepale kizingitini, akanifungua kamba za viatu kama mtoto. Kwa mbali tuliwasikia wakiondoka, buti zote pamoja, kisha wachache wachache, kisha kimya.

Afande amefuta jina langu. Hakusema neno baya. Alipita jioni, akakaa kwenye stuli, akaniuliza hiyo picha ya goti nilipigwa kwa nini, nikamweleza habari ya mama mkwe, na mzee yule akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha. Akasema kuna askari wengine wawili kwenye kozi wanaochechemea, na wote wawili wamesema ni goti. Kesho anawaleta hapa kwangu. Anataka niwaulize mimi, kabla hawajafika kwa nesi.

Sasa niandikie vizuri, polepole, namna ya kuuviringisha ule mguu. Maana mikono ya Ketty ndiyo inayojua, mimi nilikuwa nimeuma blanketi.

Kaka yako,
Gidudu